Mapigo Matatu Juu ya Bidoni

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuokoa wanyama nilifika nimevaa tai. Nilikuwa nimepata diploma yangu ya masomo ya jioni wiki ileile, katika umri ambao wenzangu walikuwa wakioza wajukuu, na niliona haifai mtu mwenye diploma kumwokoa mnyama akiwa shingo wazi. Tai ilikuwa nyekundu, ndefu kama barabara ya kwenda Bukavu. Kufika saa sita mchana ilikuwa imefungwa kwenye bawa la kasuku.

Kituo chetu kilikuwa Kavimvira, hatua chache kutoka mpaka wa Burundi, chumba kimoja nyuma ya vibanda vya wabadilisha fedha. Shirika lilikuwa dogo. Sisi tuliofanya kazi humo tuliitwa mabenevole, yaani watu wanaochoka bila mshahara. Riziki yangu mimi ilitoka sokoni, ambako nilikuwa fundi wa kuziba bidoni, zile za njano za kuchotea maji. Unapasha chuma moto, unayeyusha kipande cha plastiki juu ya ufa, unalainisha, unagonga mara tatu kwa vifundo vya vidole. Bidoni nzima inajibu ko, ko, ko, kama mtu aliyeshiba. Yenye ufa inajibu kwa sauti ya mgonjwa. Sikio langu lilikuwa kali kiasi kwamba ningeweza kukaa Kavimvira nikasikia bidoni inayovuja mjini Baraka. Na mkono wangu haukuweza kupita karibu na bidoni bila kuigonga. Nawaomba vijana mlikumbuke hilo, maana mambo yote yaliyofuata yametoka kwenye vidole hivi.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Bwana Kordinateri, mratibu wa shirika, mtu wa Bukavu, mwembamba, asiyecheka. Alinitazama kuanzia viatu hadi shingo.

"Papa, hiyo tai ni ya nini?"

"Ni ya kazi, Bwana Kordinateri."

"Bon. Iko na kazi kweli. Ivue."

Watu wa forodha walikuwa wamekamata katoni ya kasuku wa kijivu. Walikuwa wamefungwa mabawa kwa mpira na kupangwa kama soksi. Kazi yetu ilikuwa kuwaweka karantini, ndicho chumba cha kutenga wageni wagonjwa ili wasiwaambukize wenyeji, na kuwapa maji kwa sindano isiyo na ncha, tone kwa tone. Nilitoa jasho la kuongeza kina cha mto Ruzizi. Jioni tulikuwa tumewazika wengi kuliko tuliowanywesha. Yule wa tai yangu alikuwa miongoni mwa waliozikwa, na tai akaenda nayo.

"Hii kazi ni kuzika, Papa," Bwana Kordinateri aliniambia, akinawa mikono. "Siku moja moja tunaokoa."

Nilicheka, nikidhani amenitania. Yeye akaendelea kunawa.

Baada ya mwaka nilipelekwa Sange, chini ya Mama Veterineri, daktari wa wanyama, mama mnene mwenye sauti ya kusimamisha lori. Sange ni mashamba ya mpunga pande zote, na kazi yetu ilikuwa kumfikia chatu kabla ya mapanga ya wakulima, au kumfungua kima aliyefungwa waya kiunoni mbele ya baa hadi waya ukaingia kwenye nyama. Nilishika chatu mmoja ambaye mkia wake ulikuwa Sange na kichwa karibu Luvungi. Mama Veterineri aliandika kwenye daftari kwamba alikuwa wa mita tatu, lakini yeye hakushika kichwa.

Huko ndiko nilikofundishwa sheria za kazi. Usimpe mnyama jina. Usimsemeshe. Usimfanye akuone wewe ndiwe chakula kinakotoka. Jambo lile lina jina lake la kitaalamu: mazoea. Mama Veterineri aliogopa mazoea kuliko kichaa cha mbwa.

"Sikiliza, Muzee Bidoni," alisema, maana jina hilo lilikuwa limenifuata mpaka Sange. "Nyama yenye kidonda, minye naweza kuiponyesha. Ile yenye kuzoea muntu, nitaiponyesha na nini?"

Kwetu nyama ni mnyama hata akiwa hai, na minye ni mimi. Niliandika maneno hayo kwa kalamu nyekundu, nikayapigia mstari. Daftari bado ninalo.

Kituo changu cha tatu, na cha mwisho, kilikuwa ufukweni, kusini kidogo ya mji. Ziwa lilikuwa limepanda, likala nyumba za ukingoni na bustani za lengalenga, ule mchicha wetu, na viboko, waliozoea kula majani yao mbali kidogo na watu, wakajikuta wanakula kwenye viwanja vya watu. Kiboko jike aliuawa kwa risasi kati ya kuta mbili zilizobomoka, na nyama ikagawanywa kabla ya jua kuchomoza vizuri. Sisi tulipofika kulikuwa na ngozi, damu, na mtoto wake amesimama juu ya ngozi ile, akiisukumasukuma kwa pua mahali ambapo zamani palikuwa na titi la mama yake.

Tulimbeba kwa turubai, watu sita. Kila mwezi ninaposimulia uzito wake unaongezeka, lakini siku ile alikuwa kama gunia la mchele lililolowa. Tulimjengea lupango, yaani zizi la miti, na bwawa la matope, kwa sababu ngozi ya kiboko ikikauka inapasuka kama ukuta wa udongo. Nikavunja sheria ya kwanza siku ya tatu: nikampa jina. Nilimwita Depite, yaani Mbunge, kwa sababu ya tumbo, na kwa sababu kila alipotuona alidhani tumemletea kitu.

Nilimlisha mimi. Maziwa ya unga, maji ya mchele, chumvi kidogo, vyote katika bidoni niliyoikata mdomo. Na kabla ya kumimina, vidole vyangu vilifanya vilichozoea: ko, ko, ko. Sikukusudia kumfundisha. Nilikuwa napima ufa. Lakini wiki ya tatu nilipogonga, matope yakapasuka, Depite akatoka mbio, mdomo wazi, anakoroma kwa furaha. Nikaona nimegundua elimu mpya. Tangu siku hiyo niligonga kwa makusudi. Wageni walikuja kutazama. Niliwaambia kwamba ningegonga kwa nguvu kidogo, viboko wa Burundi nao wangevuka kuja kunisikiliza.

Mama Veterineri alipokuja kutoka Sange kumpima, alisimama kwenye uzio akatazama mara moja tu.

"Nani alimufundisha hii?"

"Minye," nikasema, kifua mbele.

"Na siku ya kumuachilia, utaitosha namna gani mu kichwa yake?"

"Tutaitosha, Mama, tutaitoa tu. Nyama inasahau."

Aliandika kwenye daftari lake: alama ya mwito. Hakuniangalia tena mchana wote.

Sasa nifike kwa Mama Riziki. Alikuwa mama wa ufukweni, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mjane, ulimi wake mkavu kuliko samaki wake. Kila asubuhi alipita kwenye uzio wetu na wenzake kwenda kuchota maji ziwani, kwa sababu mabomba ya kartie yao, mtaa wao, yalikuwa yakikohoa hewa tu. Siku moja alisimama, bidoni kichwani, akatazama namna ninavyogonga na namna Depite anavyokuja.

"Muzee Bidoni, weye ulizaliwa wapi?"

"Bijombo, Mama. Juu kule, karibu na mbingu."

"Ndiyo maana. Kule mulima hakuna kiboko. Siye hapa tukiona kiboko mu mayi, tunapiga bidoni, inakimbia. Mama yangu alipiga, nyanya yangu alipiga sufuria. Sasa huyu mutoto yako, siku atasikia siye tunapiga, atafanya nini?"

Wenzake nao wakasimama wakangoja jibu. Na mimi, mtu wa diploma, jibu lilikuwa tayari mdomoni.

"Atakuja kukusalimia, Mama Riziki! Si ni Depite? Utamupigia kura."

Walicheka mpaka bidoni zikaanguka. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Haya," akaendelea na safari yake. Nilifurahia jibu lile wiki nzima. Nilimsimulia kila mteja sokoni. Na Ijumaa, nilipoandika ripoti kwa Bwana Kordinateri, kwa Kifaransa changu kizuri cha masomo ya jioni, nilieleza maziwa, mavi, uzito, hali ya ngozi, hata rangi ya mawingu. Aliyoyasema Mama Riziki sikuyaandika. Niliona ni maneno ya muuza ndagala.

Tulimwachilia baada ya miaka miwili na kidogo. Kuachilia ni kazi ya siku nyingi: unafungua uzio upande wa ziwa, unamwacha atoke na kurudi, hadi siku asiporudi. Kundi la viboko lilikuwa karibu na mdomo wa mto, na baada ya siku kadhaa tulimwona kati yao, masikio mawili mawili juu ya maji na yeye mmoja wao. Bwana Kordinateri alikuja na fomu ya mwisho. Alinisomea swali moja moja, akafika la mwisho.

"Iko kitu ingine juu ya hii nyama tunapashwa kujua?"

"Hakuna, Bwana Kordinateri."

Akatia sahihi. Nami nikatia yangu, yenye mikia mitatu, kama ya waziri.

Haikupita miezi mingi. Ilikuwa asubuhi ya jua. Akina mama walikuwa ndani ya maji hadi magotini, na vichwa vya viboko vikatokea karibu kuliko kawaida. Wakafanya kama mama zao walivyofanya: wakapiga bidoni. Viboko wote wakazama wakaondoka. Mmoja hakuondoka. Aligeuka, akaja mbio, mdomo wazi. Akina mama wakazidi kupiga, naye akazidi kuja. Wakatupa bidoni wakakimbia. Mama Riziki hakuitupa yake. Aliniambia baadaye kwamba ilikuwa mpya, na kwamba hakufikiri, aliendelea tu kupiga. Akateleza kwenye mawe na bidoni mikononi.

Depite hakumuuma. Sisemi hivyo ili kumtetea. Alikuwa anatafuta mdomo wa bidoni, akisukuma kwa pua, akikanyaga alipokanyaga. Mguu wa kiboko hauhitaji hasira. Nilifika nikikimbia kutoka lupangoni, nikasikia kelele za watu, na ndani ya kelele nikasikia mkoromo ule wa furaha, uleule, na nikajua kabla ya kuona. Nilimpigia kelele, nikamtupia mchanga machoni, akarudi nyuma hadi majini akabaki pale, masikio yamesimama, akiningoja nimimine.

Nyonga ya Mama Riziki ilivunjika. Hospitalini walifanya walichoweza.

Shefu, mkuu wa kartie, alikutana na sisi uwanjani, na watu wote wa ufukweni nyuma yake. Bwana Kordinateri aliomba muda. Akapewa siku tano tu kabla ya kuitwa wenye bunduki, kwa sababu muda wote huo hakuna mama ambaye angeweza kuchota maji. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumlaza kwa dawa na kumhamisha. Dawa ilikuwa Bukavu, barabara haikupitika, na lori la kumbeba hatukuwa nalo. Ya pili ilikuwa ile ambayo Mama Veterineri aliniuliza zamani, kumtoa jambo lile kichwani.

Kitaalamu ni rahisi kueleza. Mnyama anaitwa, na anapokuja anapata ubaya mahali pa wema, mpaka sauti igeuke kuwa ya ubaya. Mimi nilikuwa wa kugonga. Bwana Kordinateri na vijana wawili wenye nguvu walikuwa wa kurusha mawe, na Mama Veterineri alichoma pilipili upande upepo unakotoka. Nikagonga, ko, ko, ko. Akaja. Wakarusha. Alifumba macho, akasimama, akangoja yaishe, kisha akasogea tena. Siku ya pili, hivyohivyo. Siku ya tatu alikuwa na damu juu ya jicho. Siku ya nne sikuhitaji kugonga: aliniona nashuka ufukweni, akaanza kuja.

"Tuache," Mama Veterineri akasema. Sauti yake ya kusimamisha lori ilikuwa imekwisha. "Tuko tunamupiga bure."

Siku ya tano wakaja wenye bunduki, na mkubwa wao waliyemwita Komanda, mtu wa heshima, aliyevua kofia kutusalimu. Alitazama masikio mengi juu ya maji.

"Mu mayi siwezi kujua ni gani. Tukipiga kule, tutapiga zote. Nani kati yenu anaweza kumutosha ku mchanga?"

"Minye nitaenda," Bwana Kordinateri akasema, akachukua bidoni mkononi mwangu bila kuniangalia. Aligonga vizuri, mara tatu, kama alivyoniona nikifanya. Depite alitoka kundini, akaja hadi maji yakafika tumboni, akasimama. Ule ulikuwa mkono uliorusha mawe. Bwana Kordinateri akagonga tena. Akabaki palepale.

Mimi sikuwa nimerusha hata jiwe moja. Nilikuwa nimegonga tu.

Nikaomba jambo moja: maziwa. Sikutaka kumwita kwenye bidoni tupu. Mama Veterineri alichanganya unga na maji ya mchele kwa mikono yake, akatia chumvi kidogo, akaonja, kana kwamba ilikuwa na maana. Nikashuka hadi mahali Komanda alipochora mstari kwenye mchanga. Nikagonga.

Alikuja kama siku zote. Mdomo wake wazi ulipita bega langu kwa urefu. Naapa, mara hii siongezi chochote. Nilimimina. Komanda alinyoosha mkono niondoke, nami nikaonyesha bidoni, kwamba bado. Alingoja. Namheshimu hadi leo kwa kungoja kule. Depite alimaliza, akalamba ukingo, nami nikarudi nyuma hatua kumi na mbili, nikizihesabu, na sikugeuka.

Baada ya risasi watu walikuja na mabeseni. Agizo lilikuwa tumzike, lakini tulikuwa watano na wao walikuwa kartie nzima yenye njaa. Tulizika kilichobaki.

Jioni ile nilimweleza Bwana Kordinateri: uzio, swali la Mama Riziki, utani wangu, ripoti ya Ijumaa. Nilimweleza kwa Kifaransa, kisha Kifaransa kikaniishia. Alifungua faili la ripoti.

"Haukuandika?"

"Sikuandika."

"Andika sasa."

Niliandika. Ripoti zangu zilikuwa kurasa nne kwa kawaida. Ile ilikuwa mistari mitatu, na ndani yake jina la Mama Riziki liko mwanzo. Alipiga mhuri, akaiweka juu ya zote. Naambiwa mabenevole wapya husomewa ripoti hiyo siku ya kwanza, kabla hawajashika hata kobe, na kwamba chakula cha wanyama sasa humiminwa kimya, mtu akiwa amejificha nyuma ya turubai.

Benevole hastaafu, kwa kuwa hakuna mshahara wa kusimamisha. Siku moja anaacha tu kufika. Mimi niliacha magoti yalipokataa. Walinipa cheti chenye mhuri mkubwa kama sahani ya bukari, ugali wa kwetu. Wakiniuliza nimeokoa wanyama wangapi, nasema elfu, na watoto wanapiga makofi. Kisha nainuka kwenda kazini.

Kazi yangu siku hizi ni mbili. Ya kwanza ni maji ya Mama Riziki. Anatembea kwa fimbo mbili, kutoka kitandani hadi kwenye kizingiti anapoanikia ndagala, na ziwa haliko mbali, lakini kwake limekuwa mbali kama Kigoma. Kila asubuhi nampelekea bidoni mbili. Mwaka wa kwanza alipokea bila neno. Sasa tunazungumza.

"Hii ya leo ni ile yenye ulizibaka jana?"

"Ni ile, Mama."

"Haivuye?"

"Haivuye."

"Ulijuaka namna gani? Sikusikia ukigonga."

"Niliijaza mayi, nikakaa, nikaiangalia."

Akageuza samaki wake mmoja mmoja kwa ncha ya fimbo.

"Basi ulikaa sana," akasema.

Kazi ya pili ni ileile ya zamani, kuziba. Wateja wananung'unika kwamba mafundi wengine wanarudisha bidoni palepale, wanagonga, wanasikiliza, wanachukua pesa. Mimi ukiniletea asubuhi, njoo uichukue jioni. Nitaiziba, nitaijaza maji hadi mdomoni, nitaiweka juu ya mchanga mkavu, nami nitakaa pembeni yake kutazama kama mchanga unalowa.